Kulea vifaranga vya samaki klauni nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia yai hadi mistari myeupe

Jozi ya samaki klauni, samaki wadogo wa baharini, iliyotulia kwenye tangi hutaga yenyewe, bila kubembelezwa sana. Kazi inaanza mayai yakishaanguliwa. Kifaranga ana urefu wa milimita 3 hadi 4, kiini alichobaki nacho tumboni hakimfikishi mbali, na chakula anachoweza kukimeza ni kiumbe hai ambacho kwa macho matupu unakiona kama kijivumbi tu. Asipokipata katika siku yake ya kwanza anaanza kudhoofika, na akishadhoofika hana tena nguvu za kuwinda hata ukimmwagia chakula tele.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na ndoo ya rotifa, ndio hao viumbe hai wadogo wa majini, na samaki watafuata. Wengi wanaopoteza mzao wao wa kwanza hawakukosea kitu kwenye tangi. Waliona mayai, wakafurahi, wakaanza kutafuta rotifa wakiwa wamebakiwa na siku saba. Siku saba hazitoshi. Anza wiki tatu au nne kabla.

Samaki gani wa kuanza naye

Amphiprion ocellaris, samaki klauni wa kawaida, na ndugu yake A. percula ndio wanaomfaa mtu anayeanza. Mayai yao ni makubwa, milimita 2 hadi 3, yamegandishwa juu ya jiwe au kigae ambapo unaweza kuyatazama kila siku, na kifaranga anatoka na macho yanayoona na mdomo unaotosha rotifa. Samaki wa baharini wanaoachia mayai yao yaelee majini ni habari nyingine kabisa: vifaranga wa wengi wao ni wadogo mno kwa rotifa, na waachie wenye maabara.

Kama habari ya rotifa inakuchosha kabla hujaanza, kuna njia ya mkato: samaki kadinali wa Banggai, Pterapogon kauderni, wa visiwa vya Banggai nchini Indonesia. Dume hubeba mayai mdomoni, na hata yakianguliwa huendelea kuwaweka vifaranga humo humo kwa siku kadhaa. Siku anapowatema wameshakuwa samaki kamili wenye mapezi marefu, na wanakula artemia (vijikamba vidogo vya maji ya chumvi) waliototolewa siku hiyo hiyo. Idadi ni ndogo, makumi tu kwa mzao mmoja, na wanahitaji mahali pa kujificha penye miiba au nyuzi ndefu, kwa kuwa porini hukaa katikati ya miiba ya urchini, mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu. Yote yanayosemwa hapa chini kuhusu artemia, mafuta na usafi wa maji yanawahusu pia. Sehemu ya rotifa unaweza kuiruka.

Ndoo za rotifa

Rotifa anayetumika ni Brachionus plicatilis, mwenye urefu wa takribani sehemu ya kumi hadi sehemu ya tatu ya milimita. Huzaa bila dume hali ikiwa nzuri, na kundi lenye afya linaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Sifa hiyo ndiyo inayolifanya liweze kuvunwa kila siku, na ndiyo pia inayolifanya life lote kwa usiku mmoja ukilizembea.

Tafuta ndoo mbili za plastiki za lita 10, zisizowahi kubeba sabuni wala dawa. Ziwe mbili kwa sababu moja itakufa siku moja, bila taarifa, na kwa kawaida hufa wiki unayoihitaji. Ziweke mbalimbali, kila moja na mpira wake wa hewa na kikombe chake.

Maji yake yawe na chumvi gramu 20 hadi 25 kwa lita, joto nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Chumvi pungufu kidogo kuliko ya bahari inawafanya wazaliane haraka. Ingiza hewa kwa bomba gumu lisilo na jiwe la hewa (kijiwe chenye vitundu vya kutolea mapovu) mwishoni, likifika karibu na kitako cha ndoo, na mapovu yawe makubwa yanayozungusha maji polepole. Mapovu madogo ya jiwe la hewa hutengeneza povu juu, na rotifa hunaswa humo wakakauka. Ning'iniza pia kipande cha sponji nyembamba au pamba ya chujio ndani ya ndoo. Uchafu hushika hapo, nawe unakisuuza kila siku.

Chakula ni mwani wa chembe moja, hasa Nannochloropsis. Weka hadi maji yawe kijani cha majani machanga, asubuhi na jioni. Maji yakiwa meupe kabisa kabla ya mlo unaofuata, rotifa wana njaa, ongeza. Yakibaki kijani kizito siku nzima, ama unawazidishia ama wamepungua, na hapo kabla ya kuongeza chochote chukua sampuli uhesabu.

Kuhesabu ni rahisi kuliko inavyosikika. Vuta mililita 1 ya maji ya ndoo kwa bomba la sindano, ichanganye na mililita 9 za maji safi ya chumvi, kisha vuta mililita 1 ya mchanganyiko huo. Tia tone la iodini ili wasimame, inua bomba mbele ya mwanga na uhesabu kwa lenzi ya kukuzia. Ukihesabu 10, ndoo ina rotifa 100 kwa mililita. Hicho ndicho kiwango cha kulenga.

Sasa piga hesabu ya mahitaji. Tangi la kulelea lenye lita 20 likihitaji rotifa 10 kwa mililita, hao ni 200,000. Ndoo ya lita 10 yenye 100 kwa mililita ina rotifa milioni moja; ukivuna robo kila siku unapata 250,000. Ndoo moja inatosha, ya pili ni akiba. Ndoo yenye 30 kwa mililita, ambayo kwa macho inaonekana imejaa, haikufikishi popote.

Kuvuna: zima hewa kwa dakika 10 ili taka zizame. Nyonya lita mbili na nusu kutoka katikati ya ndoo, si chini, ukizipitisha kwenye kitambaa cha chujio cha maikroni 53 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Suuza waliobaki kwenye kitambaa kwa maji safi ya chumvi, kisha rudishia ndoo maji mapya ya kiasi kile kile. Vuna kila siku hata kama huna samaki wa kuwalisha, kwa sababu kundi lisilovunwa hujaa, maji huchafuka, na linaanguka. Dalili za kuanguka ni povu linalokaa juu, harufu nzito, na rotifa waliozama chini badala ya kuzagaa. Ukiona hivyo vuna nusu, suuza vizuri, anzisha ndoo mpya papo hapo, na usiguse ile ya pili kabla ya kunawa mikono.

Kuhusu mwani: unaweza kuufuga mwenyewe kwenye chupa za lita 2 kwa mbolea maalumu ya mwani, taa saa 16 kwa siku na hewa, na ndani ya wiki moja hivi chupa inakuwa kijani kizito. Lakini chupa hizo ni mradi mwingine unaojitegemea, na rotifa mmoja akiingia humo chupa yote inaliwa. Kwa mzao wa kwanza nunua mwani uliokolezwa unaotunzwa kwenye friji. Ni ghali kidogo ila hautakusaliti.

Wazazi na mayai

Samaki klauni wote huanza maisha bila jike. Katika kundi, anayetawala hugeuka kuwa jike na anayemfuata huwa dume; jike akishakuwa jike harudi nyuma. Ukinunua wadogo wawili wa ukubwa tofauti ukawaacha pamoja, jozi itajitengeneza, ingawa inaweza kuchukua mwaka au zaidi kabla ya kutaga. Wape joto la nyuzi 26 hadi 28, mwanga wa saa 12 zisizobadilika, na chakula chenye mafuta ya bahari mara mbili hadi tatu kwa siku: kamba, ngisi na kome waliokatwakatwa, pamoja na chakula kikavu kizuri. Mafuta hayo ndiyo yanayoingia kwenye kiini cha yai. Jozi inayolishwa vipande vikavu tu hutaga mayai yanayoanguliwa vizuri na kufa siku ya pili.

Mapema kabisa, egemeza kigae cha sakafuni kisichong'aa au chungu kidogo cha udongo karibu na wanapolala. Wakikikubali, mayai yatakuwa juu ya kitu unachoweza kukiinua. Dalili za kukaribia kutaga ni dume na jike kusugua sehemu moja kwa midomo siku nzima, tumbo la jike kuvimba, na mrija mweupe mfupi kuchomoza chini yake. Kwa kawaida hutaga mchana kuelekea jioni.

Mayai mapya ni ya rangi ya chungwa. Kadiri siku zinavyokwenda yanakuwa kahawia, kisha macho yanaonekana, na mwisho macho hayo yanang'aa rangi ya fedha ukiyamulika. Kwa nyuzi 27 safari hiyo ni ya siku 7 au 8; maji ya baridi zaidi huirefusha. Andika tarehe. Jozi yako ikishazoea itarudia kila baada ya wiki mbili au tatu, na muda wao haubadiliki sana. Mizao miwili mitatu ya kwanza wazazi huila, au inakuwa dhaifu. Iache iende, wewe endelea na rotifa.

Dume hupepea mayai kwa mapezi na kuyaokota yaliyokufa, ambayo ni meupe. Hakuna kifaa kitakachomzidi, na ndiyo sababu tunashauri mayai yabaki kwake hadi jioni ya mwisho. Wanaoyatoa mapema hulazimika kutumia dawa za kuvu, na kuvu huja hata hivyo.

Tangi la kulelea

Lita 20 hadi 40, tupu. Hakuna mchanga, mawe wala chujio. Chujio lingekula rotifa wote na vifaranga nao. Funika pande zote nne kwa karatasi nyeusi. Sehemu ya chini nayo iwe nyeusi ukiweza. Vifaranga hufuata mwanga, na mwanga ukipenya ubavuni watajigonga kwenye kioo hadi wafe. Isitoshe, rotifa huonekana vizuri zaidi mbele ya giza.

Ndani weka hita ndogo ya wati 50, kipimajoto, na bomba la hewa linalotoa povu moja au mawili kwa sekunde. Maji yatoke kwenye tangi la wazazi, siku hiyo hiyo, yenye joto na chumvi ile ile. Ikiwa tangi la wazazi lina ugonjwa wowote, tumia maji mapya ya chumvi yaliyokaa na hewa kwa saa 24. Anza na kina cha sentimita 15 tu, maana maji machache hukusanya chakula karibu na midomo, na una nafasi ya kuongeza polepole.

Taa iwe hafifu, mbali kidogo juu ya maji. Kama unaweza kusoma maandishi madogo kwa raha karibu na tangi, imezidi. Mwani ukitiwa kwenye maji hupunguza ukali wa mwanga, hulisha rotifa waliomo na hivyo vifaranga wanakula rotifa walioshiba. Rangi iwe kijani hafifu ambayo bado inakuwezesha kuona kitako cha tangi.

Wakati huo huo, angalau mwezi mmoja kabla, weka chujio la sponji kwenye tangi la wazazi lipate bakteria wanaosafisha maji. Utalihitaji baadaye.

Usiku wa kuanguliwa

Mayai yanaanguliwa gizani, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa. Macho ya fedha yakionekana, usiku wako ni huo au unaofuata.

Kama mayai yako juu ya kigae, kihamishe saa moja kabla ya kuzima taa. Zamisha bakuli ndani ya tangi la wazazi, ingiza kigae humo, ulitoe bakuli likiwa limejaa maji. Mayai yasikutane na hewa. Kwenye tangi la kulelea, egemeza kigae mayai yakitazama chini kwa mshazari, na jiwe la hewa liwe chini kidogo upande mmoja, ili mkondo wa maji upite juu ya mayai na kuyatikisa bila mapovu kuyapiga moja kwa moja. Msukumo huo unachukua nafasi ya dume. Bila huo mayai mengi hubaki yamefunga na kifaranga amekufa ndani. Zima taa zote, ziba hata mwanga wa chumbani. Baada ya saa mbili chungulia kwa tochi hafifu kwa sekunde chache. Wakishatoka wengi, ondoa jiwe la hewa urudishe povu la taratibu. Yasiyoanguliwa yaache hadi usiku wa pili, kisha kitoe kigae.

Mayai yakiwa juu ya mwamba usioinuka, fanya hivi: zima pampu zote pamoja na taa, subiri saa moja na nusu, halafu elekeza tochi kwenye pembe moja juu ya maji. Vifaranga watakuja kwenye mwanga. Wachote kwa kikombe pamoja na maji, au wanyonye taratibu kwa mpira mpana wa milimita 10 hadi kwenye bakuli lililoko chini kidogo tu ya usawa wa tangi. Wavu usiguse. Ngozi yao ni laini kiasi kwamba anayeinuliwa kwa wavu amekwisha hata kama anaogelea bado. Usisahau kuwasha pampu tena.

Rotifa waingie kwenye tangi la kulelea usiku huo huo, ili asubuhi mwanga wa kwanza uwakute. Kwa kuwa wametoka kwenye chumvi pungufu, kwanza waweke kwenye jagi na uwaongezee maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa moja. Ukiwatumbukiza ghafla watapooza na kuzama, na vifaranga hawali kisichocheza.

Siku ya 1 hadi ya 6

Kazi yako ni moja: rotifa 10 kwa kila mililita, mchana wote. Pima asubuhi na jioni kwa bomba la sindano, safari hii bila kuchanganya na maji mengine. Ukikuta 4, ongeza. Ukikuta 20 usifurahi, maana nao wanapumua, wanachafua maji, na walioachwa bila kuliwa hubaki maganda matupu yasiyo na lishe. Taa iwake saa 14 hadi 16. Gizani hawali.

Mtazame mmoja kwa karibu, kwa lenzi, mwanga ukitoka juu. Kifaranga anayewinda husimama, hujipinda kama herufi S, kisha hujifyatua mbele. Mara nyingi hukosa siku ya kwanza. Tumbo lake likiwa limejaa linaonekana kama kidoa cha fedha au cha kijani chini ya macho. Likiwa tupu mwili wote ni kama kioo. Ukiona wengi matumbo matupu kufikia jioni ya siku ya kwanza, chunguza kwanza mwanga, halafu idadi ya rotifa, halafu joto.

Utando wa mafuta ukitanda juu ya maji, laza karatasi ya jikoni juu yake kwa sekunde mbili na uiinue. Fanya hivyo kila asubuhi.

Kuanzia siku ya 4 nyunyiza unga wa chakula kikavu cha vifaranga, wenye chembe za chini ya maikroni 200, kiasi kinachobaki kwenye ncha ya kijiti cha meno. Wengi hawataula. Unautia ili wauzoee, na anayejifunza mapema kula kikavu hukua haraka kuliko wenzake.

Artemia: lini, wangapi, wa namna gani

Hapa ndipo haraka inaua. Artemia aliyetoka kuanguliwa ana karibu nusu milimita, na kifaranga mwenye tamaa atammeza kabla utumbo wake haujaweza kumsaga. Subiri siku ya 6 hadi ya 8, na angalia ukubwa wao kuliko kalenda. Wakubwa wakianza kula, wadogo bado wanahitaji rotifa. Endeleza vyote viwili kwa siku nne hivi, na rotifa waishe kati ya siku ya 10 na ya 12.

Kuwaangua:

1. Chupa ya lita 1 iliyogeuzwa chini juu, maji ya chumvi gramu 25 hadi 35, joto nyuzi 27, taa karibu.
2. Gramu 1 ya mayai ya artemia, hewa ya nguvu kutoka chini kabisa ili yasitulie.
3. Baada ya saa 24 zima hewa kwa dakika 10. Maganda huelea, artemia wa rangi ya chungwa hukusanyika chini kwenye mwanga.
4. Watoe kutoka chini, wapitishe kwenye chujio cha maikroni 125, wasuuze, walishe mara moja.

Maganda yakiingia tangini vifaranga huyameza na utumbo huziba. Ukiweza kupata mayai yaliyoondolewa ganda, lipia tofauti hiyo bila kusita.

Artemia mchanga hana mdomo unaofanya kazi. Anaishi kwa kiini chake, na kila saa inayopita lishe yake inashuka. Kwa hiyo ama mlishe ndani ya saa chache za kwanza, ama msubiri ajivue ngozi, takribani saa 12 baadaye, ndipo umtie kwenye maji yenye mafuta ya omega-3 yaliyosagwa kwa ajili hiyo kwa saa nyingine 12. Kilicho katikati ya hizo mbili ni chakula chenye rangi nzuri na kisicho na kitu. Asidi ya mafuta inayokosekana ni DHA, ambayo artemia kwa asili hana ya kutosha na samaki wa baharini hawezi kujitengenezea ya kumtosha.

Toa kiasi kitakachoisha ndani ya nusu saa, mara tatu au nne kwa siku. Matumbo yatakuwa ya chungwa. Artemia waliobaki hadi kesho hukua, hula mwani wako, na hawaliwi tena.

Maji

Siku tatu za kwanza maji usiyabadilishe kama amonia, sumu inayotokana na taka, haisomeki kwenye kipimo. Kuanzia ya nne, kila asubuhi nyonya taka za chini kwa mpira mwembamba wa hewa ulioshikizwa kwenye kijiti, maji yakiingia kwenye beseni jeupe. Kwenye weupe huo unawaona vifaranga uliowanyonya kwa bahati mbaya, na kuwarudisha kwa kijiko. Toa asilimia 10, ukiongeza hadi 20 au 25 wakishaanza artemia. Maji ya kurudishia yadondoke tone kwa tone kwa saa moja au mbili.

Amonia ni hatari zaidi hapa kuliko kwenye tangi la maji yasiyo na chumvi. Kwenye pH 8.2 ya maji ya bahari, sehemu yake yenye sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile ya pH 7. Kipimo kikigeuka rangi kidogo tu, badilisha maji siku hiyo, na uwe na dawa ya kufunga amonia mkononi. Ila fahamu kwamba baadhi ya vipimo vinaendelea kusoma amonia iliyofungwa tayari.

Mistari inapoanza

Kati ya siku ya 8 na ya 14 vifaranga wanabadilika. Huacha kuelea katikati, hushuka chini au hushikilia kona, rangi inakolea, na mstari mweupe wa kichwani unajitokeza, ukifuatiwa na wa katikati ya mwili. Uogeleaji nao unageuka: wanaanza kutikisa mwili mzima kama wazazi wao. Hawabadiliki siku moja wote, na siku hizi ndizo zinazoua wengi baada ya zile mbili za kwanza.

Wakishapata mstari wa kwanza karibu wote, hamishia lile chujio la sponji kwenye tangi lao, hewa ikiwa ya taratibu. Ongeza mwanga kwa hatua, ondoa karatasi nyeusi upande mmoja kwa siku mbili, kisha mwingine.

Kinachowaua, na kwa nini

Asubuhi ya kwanza wengi wako chini wamekufa: walihamishwa kwa fujo, joto lilitofautiana, au mayai yalikuwa dhaifu tangu kwa wazazi. Kama uhamishaji ulikuwa safi, boresha chakula cha wazazi na usubiri mzao ujao.

Siku ya 2 hadi ya 4 wanakonda na kuelea wakitazama chini: njaa. Ama rotifa ni wachache, ama wapo lakini hawajalishwa wenyewe.

Wanazunguka na kujigonga pembeni: mwanga mkali au unaopenya ubavuni.

Siku ya 8 hadi ya 12 wanakufa matumbo yamejaa chungwa, na unapowasha taa au kugonga kioo baadhi hukakamaa, huzunguka mara mbili tatu na kufa hapo hapo: upungufu wa DHA. Hawaponi kwa siku moja, lakini rudisha rotifa walioshiba mwani, rutubisha artemia, na taa iwake polepole. Mtu asigonge kioo.

Wanapumua haraka, wamekusanyika kwenye povu la hewa, na mwili una vumbi la dhahabu ukiwamulika kwa ubavu: Amyloodinium, ugonjwa wa kimelea. Kwa vifaranga wadogo ugonjwa huu huenda mbio kuliko dawa. Kinga yake ni maji na vyombo visivyotoka kwenye tangi lenye ugonjwa.

Idadi inapungua kila siku bila maiti, na kwenye kioo kuna vijimea vyeupe vyenye nyuzi: hao ni hidroidi, wanyama wanaochoma na kula vifaranga, na artemia ndio wanaowanenepesha. Kuwakwangua hakutoshi. Hamisha vifaranga, osha tangi kwa maji yenye klorini, suuza, likauke juani kabisa. Fanya usafi huo baada ya kila mzao hata kama hujawaona.

Mistari iliyokatika au kukosekana, na vifuniko vya matamvua vilivyopungua, hutokana kwa sehemu kubwa na lishe na hali ya tangi katika wiki mbili za kwanza. Mistari ni suala la sura tu. Mwenye matamvua wazi usimfanye mzazi wala usimuuze kama mzima.

Baada ya mwezi

Katika siku ya 30 hivi wengi wana sentimita 1 au zaidi kidogo na wanakula kikavu. Wahamishie tangi la lita 60 hadi 100 lenye chujio lililokomaa, wakiwa ndani ya bakuli la maji, si kwenye wavu. Lisha mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo, ukichanganya kikavu na kamba waliosagwa na kugandishwa.

Ugomvi unaanza mapema. Ukiwaacha wengi pamoja, mashambulizi yanagawanyika na hakuna anayeonewa peke yake. Wakibaki watano sita kwenye tangi dogo, mmoja atawamaliza wengine. Kila wiki mbili watenge kwa ukubwa, maana wakubwa hula kwanza na wadogo hudumaa. Vipande vifupi vya bomba la plastiki vinawatosha kama maficho. Anemoni, mnyama wa baharini mwenye minyiri ambamo samaki klauni hukaa porini, hawaihitaji.

Wakifika sentimita 2.5 hadi 3, mara nyingi kati ya mwezi wa 3 na wa 5, wanaweza kuondoka. Siku tatu kabla punguza joto na chumvi polepole kuelekea za tangi wanalokwenda, uwafungishe chakula saa 24, na kila mmoja apate mfuko wake.